Mifuko Saba

Kibaha, Jumatatu, 3 Machi 2025

Kirikuu imelala. Fundi wa Maili Moja alitupigia simu asubuhi, tukaenda mimi na dereva. Aliingia chini ya gari, akamulika kwa simu, akaniambia niiname nione mwenyewe. Kwenye chesisi, nyuma tu ya kebini, kuna ufa. Palishawahi kuchomelewa, na ufa mpya umetokea pembeni ya kiraka kile kile, ukapanda kama mzizi. Nikauliza bei ya kuchomelea, maana kuuliza bei ndiyo kazi yangu. Akanitajia, halafu akasema, "Dada, hela yako nitaipokea, lakini gari hili mimi sipandi."

Dereva hakusema kitu. Amekuwa na kirikuu hii miaka minne. Alifungua mlango akatoa mkeka wake wa kuswalia, chupa ya maji, na taulo kuukuu analolikunja na kuliweka mgongoni akiendesha. Akavitia kwenye mfuko wa rambo, tukarudi ofisini kwa bajaji. Nimelifikiria lile taulo siku nzima.

Jioni mkurugenzi ameniita. Litanunuliwa gari jingine, lililotumika, kwa fedha iliyopo. "Wewe mtu wa hesabu. Niletee mapendekezo kabla ya Idi."

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wametoa bei kikomo za mafuta, nami nikaanzia hapo. Nimechora jedwali. Kirikuu nyingine, Probox, Noah iliyong'olewa viti vya nyuma, Hilux. Mkurugenzi ameongeza Harrier.

Sitaki kumdhulumu kwenye daftari langu. Yeye ndiye anayekwenda kuonana na watu wa benki na wenye viwanda vya chakula cha mifugo, na amenieleza jinsi mlinzi wa geti anavyokupokea ukishuka kwenye bajaji. Ni kweli. Lakini ameniomba hesabu, na hesabu ya Harrier ni hii: ni gari la abiria, kwa hiyo VAT yake, na hata ya spea zake, kampuni haiwezi kuirejesha. Akilala nalo nyumbani na kwenda nalo harusini, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inalihesabu kuwa sehemu ya kipato chake: injini inayozidi sisi 2,000 hadi 3,000, gari la zaidi ya miaka mitano, ni shilingi 500,000 kwa mwaka zinazoongezwa kwenye mshahara wake kabla ya kukatwa kodi. Tukiliagiza wenyewe Japani, umri nao unalipiwa: likivuka miaka minane linatozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 15, likivuka kumi, asilimia 30. Halafu mifuko ya chakula cha kuku itapanda wapi?

Kijana wa mauzo alitaja gesi. Nimelichukulia wazo lake kwa uzito, kwa sababu chuo cha DIT kimeshawafungia watu wengi mfumo huo na madereva wa Dar wanausifu. Ila mtungi unakula nafasi ya mzigo, na sisi tunapeleka mzigo Maneromango, siyo Mwenge.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeona jambo lililonitia baridi.

Nilirudi gereji kuchukua kadi ya gari. Wakati fundi anatafuta funguo nikasoma maandishi ya Kijapani nyuma ya kirikuu, au tuseme tarakimu zake tu, maana ndizo ninazozisoma. 350. Nikamuuliza fundi. Akasema hiyo ndiyo kilo ambazo gari limetengenezewa kubeba. Magari ya aina hii kule kwao yana sheria yake: injini isizidi sisi 660, urefu usizidi mita 3.4, mzigo kilo 350. Ni kagari ka kupeleka mboga dukani na vifaa vya fundi bomba, kwenye lami.

Mfuko wetu mmoja wa chakula cha kuku ni kilo 50. Kwa hiyo mifuko saba.

Nimerudi ofisini nikafungua faili la delivari noti. Mifuko 14. Mifuko 14. Mifuko 13 na katoni za dawa. Mifuko 15, kabla ya Krismasi. Zote ni safari za kwenda Kisarawe na vijijini kwake, na chini ya kila karatasi, mahali palipoandikwa "Imeidhinishwa na", kuna sahihi yangu. Nimehesabu hadi mwezi wa sita mwaka jana nikaacha.

Nimesikia watu wanalaumu barabara, wanalaumu madereva, wanalaumu magari ya mtumba. Ile chesisi imevunjwa na kalamu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia dereva. Nilianza kwa shikamoo kama kawaida, nikamwonyesha zile karatasi. Akaitikia marahaba, akazitazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha za msiba. Akasema alikuwa anajua. Kushuka kutoka Kisarawe kwenda Pugu na mzigo wa kurudisha, alikuwa anaweka gia ya pili tangu juu na haiachi, kwa sababu breki zikipata moto zinaanza kunuka, na zikishanuka mguu unazama. Mbona hukusema, mzee? Akasema alisema. Alimwambia mtu wa stoo, mtu wa stoo akamwambia karatasi imeshasainiwa.

Nikamuuliza angependa gari gani. Nilitegemea aseme Land Cruiser, maana madereva wote wa Pwani wakiota wanaota mkonga. Alifikiri kidogo, akasema: "Lenye kiti kinachorudi nyuma, mwanangu. Miguu ikunjuke." Kwenye kirikuu dereva anakalia injini, magoti yake ndiyo bampa. Ana miaka 57. Saa tano au sita kwa siku, mara nne kwa wiki, na sasa amefunga.

Jumatano, 12 Machi. Nimeandika usiku

Niliomba niende naye. Tumekodi kirikuu ya jirani, tukapakia mifuko saba bila kuzidisha hata kilo, na boksi la barafu la chanjo. Nataka kuiandika safari hii yote kabla haijapoa.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Kibaha mpaka Kiluvya ni njia nane za Morogoro Road, raha tupu. Shida yake ni vibao vya 50 na trafiki wenye tochi, na faini ya 30,000 ambayo dereva hajawahi kulipishwa na anajivunia hilo. Kiluvya tukakata kulia kwenda Mpuyani. Hapo barabara inabadilika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa huku ukilowa una tabia mbili: mchanga unakumeza, mfinyanzi unakutelezesha, na vyote viwili vimepokezana kama wapiga ngoma. Niliona kwa nini umbali wa chini ya gari ni kitu cha kuandika kwenye jedwali, nami sikuwa nao. Katika jedwali langu kulikuwa na lita kwa kilomita tu.

Kisarawe mjini tulishusha mifuko mitatu. Tukaendelea Masaki, Msanga, hadi Maneromango. Nimeuza dawa na chanjo kwenye makaratasi miaka sita, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona mteja wetu wa mwisho. Ni mama mwenye kuku 30 wa kienyeji na mwembe. Chanjo yenyewe inatengenezwa hapa kwetu Kibaha, kwenye taasisi ya chanjo za mifugo ya TVLA, ile ya mdondo inayostahimili joto, tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Mdondo ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa unaweza kuondoka na karibu kuku wote. Yule mama alisema mwezi wa kumi na moja tulichelewa wiki mbili. Nakumbuka kwa nini tulichelewa. Springi ilikatika, nami nilitafuta spea ya bei nafuu kwa siku tisa. Nilijisifu kwa ile bei.

Wakati wa kurudi, kama saa tisa, mbele kidogo ya kijiji ambacho sitakitaja, wanawake watatu walisimama katikati ya barabara. Siyo pembeni, katikati. Dereva akasimama. Mmoja, binti mdogo, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Bodaboda waliyokuwa wameipata aliikalia mara moja akashuka, hawezi. Zahanati wamewapa karatasi waende hospitali ya wilaya, gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine.

Kirikuu ina viti viwili. Binti hakuweza kukaa wima. Tukatandika mifuko mitupu nyuma, juu yake khanga za wale akina mama, akalala, mama yake akamweka kichwa mapajani. Mimi nikapanda nyuma nao. Mvua ikaanza. Nikashika turubai upande mmoja na mkwe wake upande mwingine, tukawa kama nguzo za hema. Kila shimo nililisikia kwanza kwenye mikono yangu, halafu nalisikia kwake. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu, sijui anahesabu nini, kwa sauti ndogo. Dereva aliendesha kama anabeba mayai yasiyo na trei, saa ya kufuturu ikakaribia njiani, na alipofika geti la hospitali hakuzima gari mpaka machela ilipotoka.

Alijifungua usiku. Nimepigiwa simu sasa hivi. Wote wawili wazima, alhamdulillahi.

Mikono bado inatetemeka, mwandiko utaonyesha.

Jumapili, 16 Machi

Kanuni ya kampuni, kipengele cha 9, nilichokiandika mimi mwenyewe: "Ni marufuku dereva kupakia mtu yeyote asiye mtumishi." Niliiandika kwa sababu za kweli. Bima yetu ni ndogo, na abiria wa nyuma kwenye gari la mizigo hana wa kumlipa likipinduka. Kuna madereva, siyo wetu, wanaogeuza gari la kazi kuwa daladala.

Nimemuuliza dereva ni mara ngapi amewahi kukivunja. Akaniuliza nataka jibu la ofisini au la nyumbani. La nyumbani: hajui hesabu. Wajawazito, watoto wenye degedege, mzee aliyekatwa na panga shambani, mara moja maiti ya mtoto mchanga na baba yake, kutoka hospitali kwenda kuzikwa. Hakuwahi kutoza hela. Hakuwahi kuandika popote, kwa sababu ya kipengele cha 9.

Kwa hiyo gari letu lilikuwa linafanya kazi mbili, na mimi nilikuwa nanunua kwa ajili ya moja.

Gari linalopita njia isiyo na magari mara mbili kwa wiki haliwezi kuwa la kampuni peke yake, hata kadi ikiandikwa jina la nani. Watu wa huko wanajua siku zetu. Jumanne na Ijumaa. Pengine wanangojea Jumanne na Ijumaa. Siwezi kulinunua gari na kujifanya silijui hilo.

Jumanne, 18 Machi

Nimefuta jedwali, nimechora jingine. Sasa linaanza na swali: wiki mbaya kuliko zote katika mwaka ni ipi, na gari litafanya nini wiki hiyo? Jibu: katikati ya masika, Aprili, kati ya Kiluvya na Maneromango, na mgonjwa ndani.

Probox inatoka hapo hapo. Nzuri, haili mafuta, inabeba kilo 400, lakini tumbo lake litakwangua. Noah hivyo hivyo. Kirikuu ya nne kwa nne ingepita, lakini ni mifuko saba na viti viwili. Inabaki Hilux ya kebini mbili. Injini ya dizeli isiyo na kompyuta nyingi, ile wanayoiita 5L, ambayo fundi wa Maneromango anaweza kuifungua chini ya mkorosho.

Bei yake ni karibu mara mbili ya kirikuu. Nimeiandika hivyo hivyo, bila kuificha chini ya jedwali.

Jumapili, 23 Machi

Nimepita Nyumbu nikienda kumwona shangazi. Nimepita pale maisha yangu yote na leo ndiyo nimepunguza mwendo. Mji wangu huu ulishaulizwa swali langu, kwa ukubwa wa nchi. Shirika la Nyumbu lilianzishwa 1985, chini ya Wizara ya Ulinzi, na lori lililobeba jina hilo la mnyama wa safari ndefu lilibuniwa kwa barabara kama hizi nilizozipita juzi. Upande mwingine wa mji kulikuwa na TAMCO, waliounganisha malori ya Scania. Mpaka leo kuna malori yanaunganishwa Kibaha. Wale mainjinia walianza na njia, ndipo wakachora gari. Sisi wanunuzi tunaanza na gari, halafu njia tunamwachia dereva na Mungu.

Laiti Nyumbu angezaa pikapu ndogo. Ningeinunua kesho.

Alhamisi, 27 Machi

Kikao na mkurugenzi. Kilikuwa kirefu na sitakiandika chote. Alikubali Harrier iondoke, haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema atakodi teksi akienda benki. Alipokataa ni hapa: Hilux kubwa hiyo itabeba mifuko mingapi? Nikamjibu 12. Nimetoa uzito wa watu watano, boksi la chanjo, tairi la akiba na koleo.

Akaweka kalamu chini. Yaani tunalipa mara mbili tubebe mifuko pungufu kuliko ile kirikuu?

Nikamtolea delivari noti. Nikamwambia kirikuu haikuwahi kubeba mifuko 14, bosi. Ilikuwa inabeba saba, na mingine saba alikuwa anaibeba mzee kwa mguu wake wa breki. Nilimwonyesha sahihi zangu, nikasema kosa ni langu na ninaliandika kwenye ripoti. Alikaa kimya. Kisha akauliza kama wiki zenye oda nyingi tutakwenda safari tatu badala ya mbili. Ndiyo. Na mafuta? Nikampa hesabu ya mafuta. Akasoma mistari yote, hilo namheshimia.

"Tafuta lililonyooka," akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita Jumatatu, tumekula, tumetembeleana, leo tumeshinda Dar kwenye yadi. Mimi, dereva na fundi wa Maili Moja, ambaye nimemlipa siku yake nzima. Kati ya fedha zote za zoezi hili, hiyo ndiyo sitaijutia.

Yadi ya kwanza: Hilux namba D, imepigwa rangi inang'aa, kilomita kwenye dashibodi chache ajabu. Fundi hakutazama dashibodi. Alitazama pedeli ya breki, raba yake imelika mpaka chuma. Akatazama usukani, kiti cha dereva, akanyanyua zulia akanusa. Tope la mto, akasema. Gari lilizama. Tukaaga kwa adabu.

La tatu lilikuwa la mtu binafsi, mkandarasi mstaafu, namba C, rangi imepauka na bampa lina kovu. Chesisi haina kiraka. Fundi alilala chini yake dakika 40, akagonga na bisibisi kila futi. Injini haijafunguliwa. Bushi na shokapu za kubadilisha, mwenyewe akazitaja kabla hatujauliza.

Dereva aliombwa alijaribu. Aliingia, akafunga mlango, na kabla ya kuwasha alishika kile chuma chini ya kiti akakisukuma nyuma. Kikarudi. Akanyoosha miguu yote miwili. Akakaa hivyo kidogo, mikono kwenye usukani, gari limezimwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kadi imebadilishwa jina. Bima ni kubwa safari hii. Kuhusu VAT ya matengenezo, pikapu ya kebini mbili nitaiuliza kwanza ofisi ya TRA, sitakisia.

Kipengele cha 9 nimekiandika upya, mkurugenzi amekisaini jana: dereva anaweza kumchukua mgonjwa, mjamzito na msindikizaji mmoja, ndani ya kebini tu, hadi kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, bila malipo, aandike jina la kijiji na saa kwenye daftari la gari. Abiria wa biashara hapana. Nyuma juu ya mzigo hapana, hata akiwa ndugu yangu. Wakala wa bima tumemweleza na ameweka maneno ya abiria kwenye mkataba.

Ndani ya mlango wa nyuma nimebandika karatasi iliyotiwa plastiki: MIFUKO 12.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua tangu juzi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mtu wa stoo amekuja na delivari noti ya Kisarawe, mifuko 16, mteja mmoja ameongeza oda usiku. Akasema barabara mbaya, bora iende yote kwa pamoja.

Nimekata 16, nimeandika 12, nimesaini. Minne itakwenda Jumanne. Nimempigia mteja mwenyewe kumwomba radhi, hakufurahi.

Dereva ameondoka saa kumi na mbili kasoro. Taulo sijaliona.